Mzazi na Bawabu: Wazazi wa Pwani na Macho ya Watoto Wao, tangu Sinema hadi Simu

Hakuna nyumba ya Kiislamu leo, mjini wala shamba, ambayo suala hili halijaingia: mzazi amzuie mtoto wake kwa kiasi gani na yale anayoyatazama na kuyasikiliza? Wako wazazi wanaoamini kuwa dawa ni kufunga kila kitu. Hawataki televisheni ndani ya nyumba, wala simu mkononi mwa mtoto, wala mazungumzo juu ya mambo hayo. Na wako wengine waliokwisha kata tamaa. Hao husema kuwa zama zimebadilika, mtoto wa leo hazuiliki, basi mwache aone, ulimwengu utamfunza. Makundi haya mawili hushindana barazani na misikitini, na khasa ndani ya nyumba, baba akiwa upande huu na mama upande ule.

Liko jambo moja ambalo makundi yote mawili yanaafikiana, nalo si kweli. Yote yanadhani kuwa suala hili limezaliwa pamoja na simu. Ndugu msomaji, suala hili ni kongwe. Babu zetu walilikabili ilipokuja sinema, wakalikabili tena zilipokuja redio, televisheni na mikanda ya vidio. Mara nyingine walifaulu na mara nyingine walishindwa, na katika kufaulu kwao na kushindwa kwao mna mafunzo makubwa kwetu. Basi na tuipitie historia hiyo kwa utulivu, kisha turejee kwenye suala letu la kiasi.

SUALA LA ZAMANI

Mwenye kusoma sira ya Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) atakuta kwamba mashindano ya kuyateka masikio ya watu yalianza Makka. Alikuwako katika Makureshi mtu aliyeitwa Nadhr bin Harith, ambaye alisafiri hadi Hira akajifunza huko visa vya wafalme wa Kiajemi, vya Rustam na Isfandiyar. Mtume alipoondoka katika kikao alichokuwa akiwaonya watu, Nadhr alikuwa akikaa mahali pale pale akiwasimulia watu visa vyake, kisha akiwauliza ni kwa lipi masimulizi ya Muhammad yawe bora kuliko yake. Wafasiri wengi hukitaja kisa hiki wanapoieleza aya ya sita ya Sura Luqman, ambayo inawaonya wale wanaonunua maneno ya upuuzi ili wawapoteze watu na njia ya Mwenyezi Mungu.

Tuzingatie hapa jambo moja. Katika Makka Waislamu hawakuwa na nguvu za kumnyamazisha Nadhr, wala za kuziba masikio ya vijana. Walichopewa ni masimulizi yaliyo bora zaidi. Qurani ikawajia na visa vya Nabii Nuhu, Ibrahim, Musa na Yusuf, na mwanzoni mwa Sura Yusuf Mwenyezi Mungu amevisifu visa Anavyovisimulia kuwa ndivyo vizuri kabisa. Maana yake ni kwamba mtu aliyenyimwa upuuzi sharti apewe kilicho chema, ama sivyo atarejea kwenye upuuzi ule ule.

Ama Madina, ambako Waislamu walikuwa na dola na amri, tunakuta jambo jingine. Siku moja ya Idi, Wahabeshi walikuwa wakicheza mchezo wao wa mikuki katika msikiti wa Mtume. Bibi Aisha, naye bado ni binti mdogo, akataka kuwatazama. Mtume hakumfukuza, wala hakumwacha aende peke yake katikati ya watu. Alisimama naye, akamsitiri kwa shuka yake, naye akatazama mpaka akatosheka mwenyewe. Bibi Aisha alipokisimulia kisa hiki baadaye, aliwataka watu waukadirie wenyewe utashi wa binti mdogo anayependa mchezo.

Hadithi hii imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, na yatosha kuwa msingi wa maneno yetu yote. Mlezi bora kuliko walezi wote aliruhusu pumbao, alilichagua lililo safi, na muda wote wa kutazama alikuwapo.

Wanazuoni waliokuja baadaye walifuata njia hiyo hiyo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihyau Ulumid-Din kwamba moyo wa mtoto ni amana kwa wazazi wake, nao ni mfano wa johari safi ambayo haijachorwa kitu, na inaupokea kila mchoro. Kwa hiyo ametaka mtoto akingwe na marafiki waovu na mashairi ya mapenzi, na badala yake asomeshwe Qurani na habari za watu wema. Lakini Imam huyo huyo amesema kuwa mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze mchezo mzuri utakaompumzisha, kwani kumzuia mchezo na kumchosha kwa masomo daima huua moyo wake, hufifisha akili yake, na humfanya atafute hila ya kujiokoa.

Naye Ibn Khaldun, mwanahistoria aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406, ameandika katika Muqaddima yake kwamba mtoto anayelelewa kwa ukali na mabavu hujifunza uongo. Huonyesha nje kisichokuwamo moyoni mwake kwa kuogopa mkono wa mkubwa, na mwisho hila hiyo huwa ndiyo tabia yake. Wanazuoni hawa wawili hawakuiona sinema wala simu. Lakini neno lao juu ya hila tutaliona likitimia mara nyingi katika historia ya pwani yetu.

SINEMA NA BAWABU WAKE

Sinema ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya ishirini, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 likajengwa jumba la Royal, lililochorwa na J. H. Sinclair, Mwingereza yule aliyechora majumba mengi ya Mji Mkongwe. Jumba hilo liliteketea kwa moto katika miaka ya 1950, na mahali pake pakajengwa Majestic. Mjini mlikuwamo pia Empire na Sultana. Dar es Salaam nako yalisimama majumba kama Empire, Avalon na Odeon, na mwaka 1966 ikafunguliwa Drive-In ya Msasani, ambako watu walitazama filamu wakiwa ndani ya magari yao. Filamu za Kihindi kama Awara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957 zilijaza majumba, na watu wasiojua neno moja la Kihindi walitoka wakifuta machozi.

Wazee wetu hawakuwa na kauli moja juu ya sinema. Wako waliosema ni haramu moja kwa moja, na wako walioona kuwa hukumu hufuata kile kinachoonyeshwa. Wako waliokwenda na jamaa zao, na wanawake waliosubiri maonyesho yaliyotengwa kwa ajili yao peke yao. Lakini hata mzazi aliyekuwa mlegevu alikuwa na wasaidizi ambao pengine hakuwatambua. Sinema ilikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na bawabu. Ilikuwa na saa yake, na ikiisha imekwisha. Ilitaka fedha, na fedha za mtoto zilijulikana zilikotoka. Juu ya yote hayo ilikuwa kati ya watu. Mtoto aliyeingia kwa siri aliweza kukutana ndani na mjomba wake au jirani wa mtaa wa pili, na kabla hajafika nyumbani khabari zilikuwa zimekwisha mtangulia.

Tena palikuwa na bawabu mkubwa zaidi, nayo ni serikali. Wakoloni waliweka bodi za kukagua filamu kabla hazijaonyeshwa, na wazazi wengi walitulia wakadhani kuwa kazi yao imefanywa na mtu mwingine. Lakini bodi zile zilikuwa na shabaha zake. Kilichowashughulisha sana wakoloni ni heshima ya mtawala mweupe na usalama wa utawala wake. Waliogopa filamu itakayomfanya mtawaliwa amdharau mtawala, au itakayomfunza ukorofi. Adabu ya mtoto wa Kiislamu, haya yake na sala yake, havikuwa katika daftari lao.

Hata baada ya uhuru, serikali zetu wenyewe zilikagua kwa shabaha zake, nazo ni ujenzi wa taifa na utamaduni wa Mwafrika. Shabaha hizo zilikuwa na kheri yake. Katika mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana, ukapiga marufuku vimini, mawigi na suruali za kubana, na mwaka huo huo muziki wa soul ukakatazwa Dar es Salaam. Wazazi wengi walifurahi. Lakini mtindo uliokatazwa kwa amri bila kuelezwa ulijificha kwa muda tu, kisha ukatoka tena. Bawabu wa serikali hulinda lango la serikali. Lango la moyo wa mtoto lina mlinzi mwingine.

SHEIKH AL-AMIN NA GAZETI

Hapa inafaa tumkumbuke Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, na ambaye kuanzia mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Sheikh huyu aliona vijana wa pwani wakivutwa na mambo mapya ya Kizungu, wakiiga mavazi na starehe na kuiacha elimu. Angaliweza kukaa msikitini akalaani. Alichofanya ni kukitwaa chombo cha zama zake, ambacho ni gazeti. Mwaka 1930 alitoa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo alieleza, alikemea, na alijibu hoja kwa hoja, kwa lugha ambayo kijana wa mtaani aliielewa.

Ziko faida mbili za kumkumbuka. Ya kwanza ni kwamba alikijua kile alichokuwa akikikosoa. Mzazi anayekataza kitu asichokijua hutoa sababu ambazo mtoto anajua kuwa si za kweli, na tangu siku hiyo hata sababu zake za kweli hazisikilizwi. Ya pili ni kwamba hakuacha pengo. Alipomwambia kijana asishike hiki, alimpa kingine cha kushika na kusoma. Hiyo ndiyo njia tuliyoiona Makka.

REDIO YA SEBULENI

Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja zamu ya redio. Sauti ya Unguja na Sauti ya Dar es Salaam zote zilianza mwaka 1951, na hii ya pili ikaja kuwa, baada ya kubadilishwa majina, Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Redio ilikuwa ya kwanza kuruka mlango wa nyumba bila kubisha hodi. Hata hivyo haikuleta mtafaruku mkubwa kati ya wazazi na watoto, na sababu yake inafaa kuchunguzwa.

Redio zilikuwa chache na za thamani. Nyumba ilikuwa na moja, nayo ilikaa sebuleni juu ya meza, aghalabu imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Baba alisikiliza taarifa ya khabari, na watoto wakasikiliza pamoja naye kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa. Kipindi cha watoto cha Mama na Mwana kilisikilizwa na watoto pamoja na mama zao, na hadithi ikiisha walizungumza juu yake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha vijiji vyao.

Basi si kweli kwamba kila chombo kinachoingia nyumbani huvunja malezi. Redio ilisikilizwa kwa pamoja na ikajadiliwa kwa pamoja, ndipo ikajenga. Na lau watu wale milioni mbili wangalisikiliza kila mtu peke yake kisha wakanyamaza, sidhani kwamba vyoo vingi vingalichimbwa.

TELEVISHENI, MLANGO ULIOFUNGWA MIAKA THELATHINI

Kenya ilianza kurusha televisheni mwaka 1962, na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza kati ya mwaka 1973 na 1974, nayo ilikuwa miongoni mwa za kwanza barani Afrika kurusha picha za rangi. Lakini Tanzania Bara ilikataa. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kuwa televisheni ni anasa ya wachache wa mjini katika nchi ambayo vijiji havina maji wala zahanati, na kwamba itakuwa mlango wa utamaduni wa kigeni. Mpaka mwaka 1994, ilipoanza stesheni ya binafsi ya ITV, Bara ilikaa bila ya televisheni yake. Ndiyo kusema kuwa mlango ulifungwa kwa zaidi ya miaka thelathini tangu uhuru.

Mtu anayesema kuwa kuzuia hakuna faida kamwe, na atazame matunda ya miaka ile. Ilikuwa miaka ya kisomo cha watu wazima, ya redio na ya vitabu, na ya watoto waliocheza nje hadi magharibi na kulala baada ya kusimuliwa hadithi na bibi zao. Hapana shaka kuwa kulikuwa na kheri katika uamuzi ule.

Lakini anayesema kuwa kuzuia kunatosha, naye na atazame yaliyofuata. Mwaka 1976 Wajapani walianza kuuza mashine ya vidio ya aina ya VHS. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mashine hizo zilikuwa zikiingia Unguja, Mombasa na Dar es Salaam ndani ya masanduku ya wasafiri, wengi wao wakitoka nchi za Ghuba. Na serikali ilipolegeza masharti ya biashara ya nje kuanzia mwaka 1984, ziliongezeka maradufu. Nchi isiyokuwa na televisheni ikawa na seti za televisheni kwa ajili ya kutazamia vidio. Mikanda ile haikupita mbele ya bodi yoyote. Aliyeileta ndiye aliyekuwa mkaguzi wake, na mara nyingi shabaha yake ilikuwa fedha tu.

Hivyo wazazi waliotegemea mlango wa serikali walijikuta hawana mlango. Walikuwa hawajajizoeza kuchagua, kwani kwa muda mrefu walichaguliwa. Wala hawakuwazoeza watoto wao kupambanua.

DIRISHA LA JIRANI

Katika kila mtaa palitokea nyumba moja au mbili zenye vidio, na jioni watoto wa mtaa mzima walijazana dirishani wakichungulia. Baadaye vikaja vibanda vya vidio, ambavyo watu wa Bara wameviita vibanda umiza, ambapo kwa senti chache mtoto aliweza kukaa juu ya benchi gizani akatazama filamu za mapigano, na usiku ukiingia zikawekwa nyingine ambazo hata mkubwa huona haya kuzitaja.

Ni nani waliokuwa wakijaza vibanda vile? Walikuwamo watoto wa wazazi waliolegea, ambao hakuna aliyewauliza walikuwa wapi. Lakini walikuwamo pia watoto wa nyumba zilizofungwa kabisa, ambazo baba amekataza kila kitu bila kueleza wala kutoa badala. Watoto hawa walikuwa na msiba ulio mkubwa zaidi. Mtoto wa mlegevu aliona ubaya, ni kweli. Mtoto wa mkali aliona ubaya ule ule, na juu yake akajifunza kuaga kuwa anakwenda darasani na kumbe anakwenda kibandani, kusingizia rafiki, na kusali Magharibi nyuma ya baba yake hali moyo wake uko kwingine. Hii ndiyo hila aliyoitaja Ghazali, na ndiyo tabia ya uongo aliyoionya Ibn Khaldun. Na alipoona jambo lililomtisha, hakuwa na wa kumwuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa ni kukiri kosa.

Hapa ndipo penye uzito wa suala letu. Picha mbaya ni dhara, nasi hatulipunguzi dhara hilo. Lakini mtoto aliyejeruhiwa na picha na akaweza kumjia mama yake na kumwambia, huyo anatibika. Mtoto aliyejeruhiwa akanyamaza, jeraha lake huoza ndani.

MLANGO KIGANJANI

Tukiutazama mfululizo huu tutaona kitu kimoja kinachokwenda bila kurudi nyuma. Mlango wa sinema ulikuwa barabarani, nao ulilindwa na bawabu na mji mzima. Redio na televisheni zilisogea hadi sebuleni, na zililindwa na watu wa nyumbani. Vidio ilifuta mkaguzi. Kisha ikaja intaneti, ikaja YouTube mwaka 2005, ikaja simu ya kupangusa kwa kidole, na leo mlango uko kiganjani mwa mtoto, chini ya shuka yake, saa sita ya usiku. Hauna saa ya kufungwa, haudai tiketi, wala hamna mjomba ndani. Zaidi ya hayo, filamu ya zamani ilikuwa moja kwa watu wote, ama simu humsoma mtoto. Kila anachokitazama kwa muda mrefu, humwekea mbele kingine mfano wake, na kingine, na kingine.

Serikali zinajaribu, na zinastahiki kushukuriwa. Tanzania ilitunga mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mitandaoni. Australia ilipitisha mwezi wa Novemba 2024 sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, na sheria hiyo ikaanza kutumika Desemba 2025. Haya ni mambo ya kheri, na mzazi asaidiwe. Lakini historia tuliyoipitia inatukataza tusirudie kosa la kulala kwa sababu bawabu yuko macho. Ilikuwa hivyo wakati wa bodi za wakoloni, ikawa hivyo wakati wa miaka thelathini ya Bara.

BASI NI KIASI GANI?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga, naye mwanamume na mwanamke amewataja katika nyumba yao. Na katika aya ya sita ya Sura At-Tahrim waumini wameamrishwa wajikinge nafsi zao pamoja na watu wao na Moto. Kwa hiyo haki ya mzazi kuzuia haina shaka, na anayesema kuwa mtoto ana uhuru wa kutazama apendacho amemnyima mtoto haki yake ya kulindwa. Lakini mchunga hafungi mbuzi zizini mwaka mzima, wala hawaachi waende peke yao kwa kuwa wana miguu myepesi kuliko yeye. Huenda nao.

Na kiasi hubadilika kwa umri. Imam Jaafar as-Sadiq, wa kizazi cha Mtume, aliyefariki Madina mwaka 765, amepokewa katika kitabu cha al-Kafi akielekeza kuwa mtoto aachwe acheze miaka saba, aadibishwe miaka saba, kisha mzazi amweke karibu na nafsi yake miaka saba. Tukiyachukua maelekezo haya katika suala letu, tutapata njia iliyo wazi.

Miaka saba ya kwanza ni ya mchezo, na mchezo ni wa mikono, miguu, mchanga na maji. Mtoto wa umri huu hahitaji simu, na anayempa ili anyamaze anajipumzisha nafsi yake tu. Hapa mzazi afunge mlango bila wasiwasi. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Miaka saba ya pili ni ya adabu, na adabu hufundishwa kwa kuwa pamoja. Kinachotazamwa kitazamwe sebuleni, si chumbani. Kiwe na saa yake, kisigongane na sala, chuo wala usingizi. Mzazi akae atazame naye, amwulize: huyu amefanya vyema au vibaya? Kwa nini unadhani hivyo? Nusu saa ya namna hii inafaa kuliko makatazo ya mwezi mzima. Na kinapoondolewa kitu, pawekwe kingine: kisa cha mitume, mpira baada ya Alasiri, safari ya shamba, kazi ya mikono.

Miaka saba ya tatu ndiyo migumu, na ndipo wengi tunapokosea, kwani tunakaza kamba wakati ambapo tungemsogeza karibu. Kijana wa miaka 16 hazuiliki kwa mlango, kwa kuwa kesho atakuwa bwenini, au safarini, au kwake. Huyu hufanywa sahibu, akashauriwa, akaambiwa khatari zilizopo kwa majina yake bila kuzungukazunguka, akajua kuwa siku atakapokwama mlango wa baba yake uko wazi hata kama kosa ni lake.

Yamkini mama mmoja atasema: mimi natoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi usiku, nitakaa na mtoto saa ngapi? Hoja yake ni ya kweli, na hatumlaumu. Lakini zamani pia mama mmoja hakulea peke yake. Mtaa ulilea, bibi alilea, mwalimu wa chuo alilea. Majirani wawili watatu wanaweza kuafikiana juu ya sharti moja kwa watoto wao wote, ili dirisha la jirani lisiwe mahali pa kukimbilia. Na vyuo vyetu vya Qurani vinaweza kutenga saa moja kwa wiki ya kuzungumza na vijana juu ya wanayoyaona. Wala haihitajiki siku nzima. Inahitajika saa moja iliyo ya mtoto kweli, ambayo simu ya mzazi mwenyewe imewekwa mbali.

Hilo la mwisho lina uzito wa peke yake. Baba anayemkemea mtoto juu ya simu hali macho yake mwenyewe hayaondoki kwenye simu, hata pale mezani mbele ya chakula, amemfunza kwa kitendo kinyume cha anayoyasema kwa ulimi. Aya ya At-Tahrim imetaja nafsi zetu kwanza, ndipo ikataja watu wetu.

Historia ya pwani yetu katika miaka mia iliyopita imeonyesha mabawabu wengi wakija na kuondoka: mwenye sinema, bodi ya mkoloni, amri ya chama, sheria ya serikali. Kila mmoja alikuwa na faida yake kwa wakati wake. Lakini alipoondoka, mtoto aliyesalimika ni yule aliyekuwa na mtu mzima aliyesimama naye, kama Mtume alivyosimama na Bibi Aisha siku ile ya Idi, akamchagulia, akamsitiri, na akamsubiri mpaka atosheke. Kazi hiyo hairithiwi na serikali, wala haiwezi kuachiwa mashine.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie wake zetu, waume zetu na watoto wetu wawe kiburudisho cha macho yetu, na atupe subira ya kuwachunga kwa mapenzi na kwa elimu. Amin.